Mtu wa Giacometti anayetembea: alama ya kutokamilika kwa binadamu, au maana tunayomvika sisi?

Mtazamaji

Ndugu zangu wapenda sanaa, naomba mnisaidie kulipima jambo ambalo nimekaa nalo kwa muda mrefu. Kila ninaposoma maelezo juu ya Alberto Giacometti, yule mchongaji wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1901 na kufanya kazi karibu maisha yake yote mjini Paris, nakutana na kauli ileile ikirudiwa kwa maneno tofauti: kwamba mtu wake mwembamba, mrefu, mwenye ngozi iliyokwaruzika na miguu mizito, ni alama ya kutokamilika kwa binadamu. Kauli hiyo hutolewa kana kwamba shauri lake limekwisha kuamuliwa, na mimi mwenyewe nimewahi kuirudia mbele ya watu bila kuichunguza.

Nilianza kuitilia shaka siku niliposimama mbele ya sanamu yenyewe. Katika ua wa Fondation Maeght, jumba la makumbusho ya sanaa huko Saint-Paul-de-Vence kusini mwa Ufaransa, zimesimamishwa sanamu zake kadhaa chini ya anga wazi, na miongoni mwake yumo yule mtu anayetembea, wa mwaka 1960, mwenye kimo cha sentimita 183, ambacho ni kimo cha mtu mrefu wa kawaida. Nilikuwa nimemzoea pichani, ambamo huonekana kama mstari mmoja uliopigwa hewani kwa haraka. Kwa karibu ni kitu kingine. Shaba yote imejaa vinundu na mabonde madogo, na mahali pengi unaona waziwazi kwamba palibonyezwa kwa dole gumba kisha dole likavutwa kuelekea chini. Mkono unashuka kutoka begani ukiwa kama fito, na unapofika kwenye vidole huwezi kusema kwa hakika kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Nilipomzunguka nikasimama mbele yake kabisa, mwili ulijikusanya ukawa wembe tu, kisha nikapiga hatua moja upande na mtu akarudi.

Kilichonishangaza ni kwamba sikumwonea huruma hata kidogo. Ameelemea mbele, mwili umenyooka kuanzia kisigino cha nyuma hadi utosini, na hatua yake ni ndefu, hatua ya mtu ambaye hakuna atakayemzuia. Niliona nguvu mahali ambapo vitabu vilikuwa vimeniandaa kuona udhaifu.

Basi swali langu ni hili. Ikiwa sanamu hii kweli ni alama ya kutokamilika kwetu, huko kutokamilika kumewekwa wapi: katika wembamba wa mwili, katika ngozi, au katika uso ule usio wa mtu yeyote maalumu? Tena, kwa nini alilirudia umbo hilo tangu miaka ya arobaini hadi alipofariki Januari 1966? Mtu anayetaka kutuachia alama angetosheka na sanamu moja iliyo bora, na kuendelea na jambo jingine.

Fundi wa Plasta

Ndugu Mtazamaji, nimelisoma swali lako mara mbili, na ningependa kulijibu kutoka upande wa mikono, kwa kuwa huko ndiko ninakoishi. Nimefinyanga na kumimina plasta kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa maana katika sanamu za Giacometti kilianza kama tatizo la kazi.

Tuanze na jinsi zinavyotengenezwa. Kwanza husimamishwa kiunzi cha chuma au waya, ambacho kwake mara nyingi kiliandaliwa na mdogo wake, Diego, aliyekuwa pia mtengenezaji wa kalibu na mpakaji rangi wa shaba zilizokwisha kusubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kalibuni. Juu ya kiunzi hubandikwa udongo au plasta. Mchongaji wa kawaida hujenga kuelekea nje, akiongeza nyama juu ya mfupa mpaka mwili ujae. Giacometti alikuwa akiongeza na kupunguza kwa wakati mmoja, vidole vikibandika huku kisu kidogo kikikwangua, na ilipofika usiku wa manane umbo lilikuwa limeshajengwa na kubomolewa mara nyingi mno. Ukumbuke pia kwamba yote hayo yalifanyika katika karakana yenye ukubwa wa mita za mraba 23 hivi, katika mtaa wa Hippolyte-Maindron, aliyohamia mwaka 1926 na ambayo hakuiacha hata alipokuwa na fedha za kujenga kubwa zaidi.

Mfano ulio bora kwangu ni wale wanawake aliowaandalia maonyesho ya Venice mwaka 1956. Watu huwaona kama kundi la wanawake mbalimbali waliosimama pamoja, lakini wote walitoka kwenye kiunzi kimoja. Alikuwa akifinyanga mwanamke mmoja, na alipofika hatua iliyompendeza kwa kiasi fulani alimwomba Diego achukue kalibu ya plasta, kisha yeye akaendelea kuuvuruga udongo uleule kuelekea hatua nyingine. Kwa hiyo unapowatazama unamwona mtu mmoja katika nyakati tofauti za kutafutwa. Hakuna aliye toleo la mwisho. Hilo, nadhani, linajibu sehemu ya swali lako kuhusu kurudia.

Nikupe na jambo langu mwenyewe. Niliwahi kujaribu kumfinyanga mtu aliyesimama mwisho wa chumba kirefu, nikiwa na nia ya kumtoa jinsi nilivyomwona pale alipo, bila kutia yale niliyoyajua kuhusu mwili wake. Jaribio hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Mkono unajua kwamba bega lina upana fulani, lakini jicho, kwa umbali ule, halioni upana huo. Linamwona mtu mzima kwa mara moja, wima, kama mwali. Kila nilipoweka udongo begani nikaona nimesema uongo, nikaukwangua. Nikaukwangua pajani, nikaukwangua kifuani. Jioni ilipofika waya ulikuwa umejitokeza kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, unang'aa, na mtu wangu alikuwa amekonda bila mimi kumkondesha. Siku hiyo nilimwelewa Giacometti aliposhikilia kwamba hakuwahi kukusudia wembamba.

Ndiyo maana nasema wembamba ule si picha ya mwili mgonjwa wala wa mwenye njaa. Ni kile kinachobaki baada ya kuondoa kila kitu ambacho jicho halikukiona. Kama kuna kutokamilika, kumo katika kazi ya kuona.

Msomaji wa Usiku

Mzee Fundi, shikamoo. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, hasa juu ya wale wanawake wa Venice, lakini naomba niruhusiwe kupinga hitimisho lako, kwa sababu nahofia kwamba ukilifanya kila jambo kuwa tatizo la karakana unawanyang'anya watu wa wakati ule kile walichokiona kwa macho yao.

Watu wake warefu walionyeshwa kwa mara ya kwanza kwa uzito Januari 1948, katika jumba la maonyesho la Pierre Matisse, mfanyabiashara wa sanaa, mjini New York, na katalogi ya maonyesho hayo ilifunguliwa kwa makala ya Jean-Paul Sartre. Ilikuwa imepita miaka isiyofika mitatu tangu vita kwisha na picha za kambi za Wanazi kusambaa ulimwenguni. Hebu fikiri mtu ametoka kuona picha zile, kisha anaingia ukumbini na kukutana na mwili uliobakia mifupa, usio na nguo, usio na jina, ambao hata hivyo unatembea. Asingeweza kuona suala la umbali wa jicho tu. Naye Sartre, aliyekuwa mwanafalsafa wa udhanaishi, aliona katika sanamu hizo binadamu asiye na kiini alichopewa tangu mwanzo, anayelazimika kujifanya kuwa mtu kwa matendo yake, na asiyeweza kufikiwa kabisa na mwenzake kwa sababu umbali umejengwa ndani ya sanamu yenyewe: usogee uwezavyo, yeye hubaki pale alipowekwa. Huo ni usomaji mzito, na ndiyo ulioizaa ile kauli inayomsumbua ndugu yetu.

Hata hivyo, nami sitaki kuvuka mpaka. Tarehe hazikubali kwamba vita ndivyo vilivyomkondesha mtu huyu. Katika barua ndefu aliyomwandikia Pierre Matisse, iliyochapishwa katika katalogi hiyohiyo, Giacometti alieleza safari yake kwa undani. Baada ya kuachana na wasurealisti, wale wasanii waliofuata ndoto na mambo ya chini ya fahamu, mwaka 1935 alichukua mtu wa kumtazama akidhani angefanya mazoezi ya wiki mbili, na mazoezi hayo yakaendelea hadi mwaka 1940. Kisha alipoanza kufinyanga kutoka kwenye kumbukumbu, sanamu zikawa zinapungua mikononi mwake mpaka zikawa ndogo mno, na mara kwa mara mguso wa mwisho wa kisu uliigeuza sanamu nzima kuwa vumbi. Alikaa Geneva wakati wa vita, katika chumba cha hoteli, akitengeneza watu wa sentimita chache tu. Wale warefu walikuja baada ya vita, na alisema kwamba walimfanania mtu pale tu walipokuwa wembamba.

Kwa hiyo nakubali kwamba chanzo kilikuwa kazi. Lakini sanamu ikishatoka karakanani haimilikiwi tena na chanzo chake. Watu wa mwaka 1948 waliokiona kizazi chao katika mwili ule hawakukosea, na mimi nisingekuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba wamemvika maana isiyo yake.

Kuna maelezo mengine ambayo nayakataa waziwazi, nayo ni yale yanayohusisha mtu anayetembea na ajali ya mwaka 1938, wakati gari lilipopanda ukingo wa barabara karibu na Place des Pyramides mjini Paris na kumvunja mguu, akabaki akichechemea. Sanamu haichechemei. Mtazamaji amekwisha kusema jinsi hatua ilivyo imara.

Binti Mwalimu

Kaka zangu, naona tunabishana kwa neno moja ilhali lugha yetu ina maneno kadhaa, na huenda tukiyatenganisha ubishi utapungua.

Tunasema kizuri hakikosi ila. Ila ni doa juu ya kitu kilichokwisha kuwa kizima. Chungu kimechomwa, kimetoka tanuruni, lakini kina ufa mdogo mdomoni. Upungufu ni jambo tofauti: kipande kilichopaswa kuwapo hakipo. Halafu kuna kutokamilika, ambako ndani yake kuna suala la wakati, kwa sababu kukamilika ni kufika mwisho wa jambo.

Ukiwatazama wachongaji wengine utaona kwamba kila mmoja ameshika neno lake. Auguste Rodin pia ana mtu anayetembea, aliyetokana na mazoezi ya sanamu ya Yohana Mbatizaji, na akamkuza kuwa mkubwa mwaka 1907. Hana kichwa wala mikono. Nyama yake imeshiba, misuli imekaza, nyayo zote mbili zimekanyaga ardhi kwa uzito. Huyo ni mtu wa upungufu: kilichopo kina afya tele, ila sehemu zimeondolewa, na Rodin aliamini kwamba hazihitajiki ili mwendo uonekane. Marino Marini wa Italia, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1901, alirudia maisha yake yote mpanda farasi mmoja, na kadiri miaka ilivyopita baada ya vita mpanda farasi huyo alizidi kupoteza mizani mpaka akawa anaanguka pamoja na mnyama wake. Hapo tunasoma kushindwa, mtu aliyepoteza mamlaka aliyokuwa nayo juu ya kitu.

Mtu wa Giacometti hakukatwa kiungo na haanguki. Ana kichwa, mikono miwili, miguu miwili, kila kitu kipo. Lakini hakuna sehemu yoyote ya mwili wake ambayo unaweza kusema imefika mwisho. Kiswahili kinatupa hapa kitenzi kinachofaa kuliko nomino zote: mtu huyu *hajakamilika*. Ile *-ja-* inabeba matarajio. Ninaposema mgeni hajafika, sijasema kwamba hafiki. Nimeacha mlango wazi. Nadhani ndiyo sababu Mtazamaji aliona nguvu. Aliyekwisha kuwa pungufu tunamhurumia, lakini aliye njiani tunamsubiri.

Karani Mstaafu

Binti Mwalimu, hongera kwa ufafanuzi huo. Umenifanya nilitazame upya neno ambalo nimelitumia tangu utotoni. Lakini nina shaka kama *hajakamilika* ndilo neno lenyewe, na nitasema kwa nini.

Giacometti mwenyewe hakuonekana kuamini kwamba kuna siku mgeni huyo angefika. Mwandishi Mmarekani James Lord alikaa mbele yake mwaka 1964 ili achorwe picha ambayo ilitarajiwa kumalizika kwa kikao kimoja. Vikao vikawa 18. Karibu kila siku uso ulichorwa, ukafutwa kwa rangi ya kijivu, ukaanza upya, huku mchoraji akilalamika kwamba kazi haiwezekani na papo hapo akisema kwamba kwa mara ya kwanza ameona mwanya wa kupita. Picha haikumalizika, ilisimama kwa sababu Lord alilazimika kusafiri. Mtu anayefanya kazi hivyo kwa miaka thelathini anajua jambo moja: *haikamiliki*. Haijalishi umpe muda gani. Na bado kila asubuhi anaukanda udongo kana kwamba leo ndiyo siku.

Hata huyo mtu wa 1960 alitokana na kazi iliyoshindikana. Benki ya Chase Manhattan ilitaka sanamu za uwanja mbele ya jengo lake jipya New York, naye akapanga kuweka mtu anayetembea, mwanamke mrefu aliyesimama, na kichwa kikubwa, yaani mambo matatu aliyoyahangaikia maishani mwake yote. Hakuwa amewahi kufika New York wala kuuona uwanja huo. Alifanya kazi, akaharibu nyingi, mwishowe akajitoa, na sanamu zikasubiwa zikaenda kila moja njia yake. Uwanja ule ulikuja kupata sanamu ya Jean Dubuffet. Kwa hiyo huyu tunayemwita alama ya binadamu alikusudiwa kuwa mmoja wa watatu, wakitazamwa na wapita njia walio wembamba kama yeye kwa umbali, chini ya ghorofa refu kupita kiasi. Sisi tumemrithi peke yake, tukadhani upweke huo ulikuwa wa tangu mwanzo.

Jambo hili linanipeleka kwenye kazi ambayo naona inajibu swali kuliko mtu anayetembea mwenyewe. Mwaka 1948 alitengeneza uwanja mdogo wa shaba nyeusi, bamba lisilofika hata mita moja kwa urefu, na juu yake akawasimamisha watu watano wadogo sana. Wanaume wanne wanatembea, mwanamke mmoja amesimama. Ukiinama mpaka jicho lako liwe sawa na bamba na kufuata mwelekeo wa kila mmoja, unagundua kwamba mistari ya njia zao haitawakutanisha. Wanapishana. Hakuna aliyemgeukia mwenzake, na mwanamke hatazami mtu. Kila mmoja, ukimchukua peke yake, ana hatua imara kama ile iliyomvutia Mtazamaji. Kasoro iko katika nafasi iliyoachwa kati yao, na nafasi hiyo ameipima kwa uangalifu kuliko alivyozipima nyuso.

Ndiyo sababu nashindwa kukubaliana na Mzee Fundi kwamba kutokamilika kumo katika kuona tu, na nashindwa pia kukubaliana na Msomaji wa Usiku kwamba ni suala la kizazi kilichojeruhiwa. Kwangu kumo katika kutomfikia mtu. Mchongaji hamfikii aliyekaa mbele yake ijapokuwa ni mkewe Annette au ndugu yake Diego, ambao aliwatazama kwa miaka mingi. Na watu wa uwanjani hawafikiani ijapokuwa wamesimama juu ya bamba moja. Hilo ni jambo moja katika sura mbili.

Fundi wa Plasta

Marahaba, Msomaji wa Usiku. Nakubali kwamba niliwafungia nje watazamaji wa 1948, na haikuwa haki.

Karani, kuhusu uwanja mdogo umenishinda kabisa, kwani nimewahi kuutazama kutoka juu tu, kama anavyotazama fundi anayetaka kujua watu wale wameunganishwaje na bamba, na sikuwahi kuinama. Hata hivyo kuna jambo moja nisiloweza kuliachia lipite. Umesema Annette na Diego aliwatazama miaka mingi na hakuwafikia. Mimi naona kinyume chake. Kuna kichwa kimoja baada ya kingine cha Diego, na hata pale ambapo kichwa kimebanwa kikawa chembamba kama jani, ukimfahamu Diego kwa picha utamtambua papo hapo. Aliyekushinda kwa namna hiyo umekwisha kumsogelea sana.

Mtazamaji

Ndugu zangu, asanteni nyote kwa muda na uangalifu mliotumia. Nilikuja na swali la ndiyo au hapana, na sasa naona kwamba neno *alama* ndilo lililokuwa likinikwaza tangu mwanzo. Alama husimama badala ya kitu kingine: bendera kwa nchi, mizani kwa sheria. Nilikuwa nikimtazama mtu huyu na kutafuta kitu anachokisimamia, ilhali kutokamilika hakumo nyuma yake. Kumo katika shaba yenyewe, mahali dole gumba lilipobonyeza na kuondoka. Hakuiwakilisha hali hiyo kwa mbali. Aliifanya, na mkono wake ukaiacha hapo.

Baada ya kusoma maelezo ya Binti Mwalimu na ya Karani nilirudi kwenye picha nilizopiga katika ua ule, nikazikuza kwenye miguu, sehemu ambayo siku ile niliitazama kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa likinipiga usoni. Kisigino cha mguu wa nyuma kimeinuka, na hapo ndipo mwendo wote unapotoka. Lakini nyayo zenyewe ni kubwa, nzito, zisizo na vidole, na hazikukanyaga kitako cha sanamu bali zimeshikana nacho. Kitako kina alama zilezile za vidole zilizomo kifuani na usoni. Mtu na ardhi anayoikanyaga ni udongo mmoja, na huwezi kuonyesha kwa ncha ya sindano mahali ardhi inapokoma na mguu unapoanza. Anapiga hatua kutoka kwenye kitu ambacho bado ni sehemu yake.

Kwa Karani na Binti Mwalimu: katika mguu ule wa nyuma naziona hoja zenu zote mbili, na sijui jinsi ya kuzitenganisha. Kisigino kinasema *bado*. Wayo uliozama kwenye kitako unasema haitawezekana. Na hatua inapigwa vilevile.

Msomaji wa Usiku, kama utapata nafasi, ningeomba utuandikie zaidi juu ya ile barua ya kwa Pierre Matisse, hasa sehemu ya sanamu zilizogeuka vumbi, kwa kuwa naona hatujaitendea haki. Naye Mzee Fundi, kama bado unaye yule mtu wako wa mwisho wa chumba kirefu, mwenye waya uliojitokeza kwenye kifundo cha mguu, tafadhali usimbomoe. Ningependa kumwona, hata kwa picha.

Fundi wa Plasta

Umechelewa, ndugu yangu. Nimekwisha kumbomoa mara tatu tangu siku ile. Waya ni uleule, na jana usiku nilianza tena, safari hii kuanzia miguuni.